Nne na Nne ni Mbili

Nne na nne ni mbili. Ukibisha usigombane na mimi, maana mimi ni mpiga ngoma na hesabu yangu inaishia kwenye nne. Kamuulize mpiga besi wetu. Yeye ni mwalimu wa hesabu, ana miaka kumi na saba kazini, na jibu hilo amelipata kwa taabu.

Huyu bwana alijipa mwenyewe jina la Tetemeko. Kwa kawaida jina la utani hupewa na watu, lakini watu walichelewa, akajihudumia. Kila mazoezi alilalamika kwamba besi yake haisikiki. Mama Sauti, mwimbaji wetu na mwenye bendi, alilalamika kwamba inasikika.

Wiki moja kabla ya kwenda kupiga kwenye shule anayofundisha Tetemeko, ambako mkuu wa shule alikuwa anaagwa kustaafu, Mama Sauti alimwambia mbele yetu sote:

"Mwalimu, unanifunika. Watu wanakuja kusikia wimbo, wanaondoka na kizunguzungu. Jumamosi nakusikiliza mara ya mwisho. Ukinifunika tena, natafuta mpiga besi mwingine."

Mtu mwenye akili timamu angepunguza sauti. Tetemeko akaenda kuazima boksi la pili la spika.

"Tatizo hawajanisikia vizuri," alinieleza. "Wakinisikia vizuri, watanipenda."

Sasa, gitaa la besi halitoi sauti lenyewe. Lina mashine ya kukuza sauti, ambayo sisi wanamuziki tunaiita kichwa, na boksi la spika ambalo kichwa hukaa juu yake. Nyuma ya kichwa cha Tetemeko paliandikwa kwamba usikiunge na kitu kilicho chini ya omu nne, omu ikiwa kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Boksi lake lilikuwa la omu nne. La kuazima nalo omu nne. Jumamosi mchana, katika ukumbi wa chakula wa shule, alichukua chaki akaandika ubavuni mwa boksi: 4 + 4 = 8. Akapiga mstari chini yake mara mbili, kama anavyofanya darasani.

Shemeji yake, kaka wa mkewe, ni fundi redio. Alikuja kutusaidia kufunga nyaya, akaisoma ile chaki mara mbili.

"Shemeji, hapa si nane. Ukiyaunga hivi yote mawili, inakuwa mbili."

"Nne na nne?"

"Mbili."

Tetemeko alimtazama kwa huruma anayowawekea wale wa dawati la nyuma. "Shemeji, wewe shule uliishia wapi?"

Fundi hakukasirika. "Ukumbi huu ukiwa na milango miwili, watu si wanatoka kwa wingi kuliko mlango mmoja? Basi na umeme ni hivyo hivyo. Unapata milango miwili, unatoka mbio, kichwa kinaishiwa pumzi. Mwishowe kinaungua."

"Habari za milango kamwambie seremala."

Sikio la kufa halisikii dawa. Fundi akanawa mikono, akaenda kukaa karibu na jiko.

Wimbo wa kwanza, vijiko vilihama mezani. Wa pili, mkuu wa shule alishika kikombe chake kwa mikono miwili, na picha yake ya miaka ya ujana ikaanguka ukutani. Mama Sauti alifumbua mdomo, nami niliyekaa hatua tatu nyuma yake sikusikia neno. Akageuka kumwangalia Tetemeko. Tetemeko alitabasamu, akaongeza.

Katikati ya wimbo wa tatu nikasikia harufu ya plastiki iliyoungua. Taa ya kichwa ikazimika, na besi ikakata.

Tetemeko alinitazama. Nikatazama ngoma zangu. Basi akafanya alichoweza: akaendelea kupiga. Vidole vinakwenda, macho kayafumba, shingo inatikisika, jasho linamtoka, sauti hakuna. Nilimwonea huruma kwa kweli. Ilipofika zamu yake ya kupiga peke yake, alimsogelea Mama Sauti akamnong'oneza kwamba leo anaiacha, kwa heshima ya mkuu wa shule.

Wimbo wa kumi ulipokwisha, watu walisimama wakapiga makofi. Mama Sauti akaja moja kwa moja kwa mpiga besi wetu, akamshika mkono.

"Mwalimu, miaka sita nakuomba upige kwa busara. Leo pale mwanzo ulinitia hasira, lakini ukajirudi. Mpaka zamu yako umeiacha! Nafasi yako ni yako."

"Nashukuru, dada," alisema Tetemeko, sauti imelainika. "Ni suala la nidhamu."

Nyuma yake shemeji yake alikuwa ameshakifungua kichwa kwa bisibisi.

"Hiki kilikufa wimbo wa tatu," alisema fundi. "Mambo ya omu mbili, shemeji. Nilikwambia."

Mama Sauti alimwachia Tetemeko mkono. Akaanza kuhesabu nyimbo kwa vidole, kuanzia wa nne hadi wa kumi. Zilipotimia saba, akaushusha mkono taratibu, akamgeukia fundi.

"Kukitengeneza ni muda gani?"

"Nikijitahidi, wiki moja."

"Usijitahidi, baba," alisema Mama Sauti. "Jumamosi ijayo tuna harusi."