Ng'ombe Aitwaye Ulaya

"Sikizeni hii!" Ojwang alipaza sauti, simu mkononi. "Kambi moja ya watalii kule Natta inasaka wahudumu. Usaili kesho asubuhi. Mwombaji awe msafi, mcheshi, na aweze kuchora ramani ya Ulaya bila kutazamia, ili ajue kila mgeni katokea wapi!"

Kikombe cha Nashoni kiliishia njiani.

Kijiwe chao cha kahawa kiko Bomani, mlangoni pa bucha ya Mzee Mogesi, na hapo jina ulilopewa na wazazi halina kazi. Ojwang anaitwa Mpaka, kwa sababu nusu ya shangazi zake wako Kenya. Mokami, muuza kahawa, ni Refa: akiinua birika lake, ugomvi umekwisha. Nashoni ndiye Profesa, tangu jiografia ilipomwangusha kidato cha nne.

"Profesa, si mkeo yuko Natta hukohuko?" Mokami aliuliza.

"Yuko huko, Rhobi wangu, anafua mashuka ya wageni. Mimi nalala peke yangu Turwa nakumbatia mto. Tangu tuoane tunaonana kwenye simu. Kazi hii ikinipita, mjue nimeoa simu."

"Basi chora!" Mokami akamtupia kipande cha mkaa.

Nashoni aliinama, akachora sakafuni huku kijasho kinamtoka. Wote wakainamisha vichwa.

"Wacha mchezo, buda," alisema Ojwang. "Huo ni muhogo."

"Tena umeoza," Mokami akaongeza.

"Nakumbuka Italia tu! Mwalimu alisema ni kiatu."

"Kiatu?" Mzee Mogesi alitoka buchani akifuta kisu kwenye aproni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Hebu lete simu niione hiyo Ulaya." Aliitazama ramani, akapindisha shingo, kisha akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Mura, kijana wangu, walimu walikuonea bure. Huyu si ng'ombe? Kichwa hiki hapa, ametazama magharibi, anakunywa maji ya bahari!"

"Hispania!" Nashoni alishtuka. "Na Ureno?"

"Mdomo."

"Ufaransa?"

"Shingo. Na hiyo milima kati ya kichwa na shingo ndipo unapofunga kamba."

"Italia?"

"Mguu wa mbele. Anapiga teke."

"Ugiriki ni mguu wa nyuma, sawa," Mokami alidakia, birika limesahaulika. "Na hivi visiwa vilivyotapakaa?"

"Maziwa. Ng'ombe wa mateke anakamuliwa bila kumwaga?"

"Uswisi haina bahari hata tone!"

"Figo. Imejificha ndani, mafuta pande zote."

"Haya, Mto Danyubi," Ojwang alibisha. "Unapita nchi kumi, unaishia Bahari Nyeusi. Huo nao?"

"Utumbo."

"Ndiyo maana bahari ni nyeusi!" Mokami alipiga kelele, na wapita njia wakageuka.

Nashoni alikuwa anachora huku anacheka, machozi yanadondokea Ujerumani. "Mzee, hizi za juu, Norwei na Swideni?"

"Mkia. Kaurusha mgongoni, anafukuza nzi."

"Nzi gani?"

"Si Uingereza hiyo?"

"Yawa!" Ojwang alishika kiuno. "Walitutawala pande zote mbili za mpaka, kumbe ni nzi!"

"Na Urusi?"

"Paja. Hilo hata mimi sina shoka la kulimaliza."

Mokami akamwaga maji sakafuni, akafuta kila kitu. Nashoni akafumba macho, akachora upya kuanzia mdomo hadi mkia, na hakuna nchi iliyokosa mahali pake. Moyo ulimjaa furaha. Aliona kabisa yuko Natta, Rhobi anamwita ndani akale.

Hapo simu yake ikaita. Alikuwa Rhobi mwenyewe, na sauti yake ilisikika kijiwe kizima.

"Mume wangu, lile tangazo la kazi hapa kwetu kambini, wamebadilisha! Mwezi ujao kambi nzima imechukuliwa na wageni wa Asia. Ulaya hawaitaki tena. Kesho mnachora Asia!"

Mkaa ukamponyoka. Ojwang alifungua ramani ya Asia, akaivuta kwa kidole, akaivuta tena, haikuisha.

"Mzee," Nashoni alisema kwa sauti ya mgonjwa, "huyu ni ng'ombe gani?"

Mzee Mogesi alitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. "Mura, huyu siyo ng'ombe mmoja."

"Ni nini sasa?"

"Mahari."



"Ile ya Rhobi uliiswaga mwenyewe kwa miguu mpaka kwa wakwe zako," mzee akaendelea. "Ulimjua kila ng'ombe kwa rangi na kwa pembe. Wote walifika. Leo utashindwa kuwachora?"

"Na yule mwenye pembe moja usimsahau!" Rhobi alidakia, kumbe simu haijakatwa. "Baba anasema ndiye aliyemfanya akubali!"

Nashoni aliitazama ramani, upande wa mashariki, akaiona pembe imechomoza baharini.

"Korea," alisema, akapiga magoti, akaokota mkaa.