Shikamoo ya Mwenyekiti

Anselmo hakuwahi kushika jembe, lakini mikorosho ilimlisha vizuri kuliko wengi waliolishika. Asubuhi hiyo alikuwa akinywa chai mgahawani, mtaa wa Mkomaindo, masikio yakiwa meza ya jirani, alipomsikia Faidha, fundi wa kompyuta wa chama cha ushirika, akijisifu kwa sauti.

"Barua pepe taka zimekoma. Nimeiambia mashine: barua isiyoanza na shikamoo, tupa. Matapeli hawana salamu, wao wanaanza na fedha."

Anselmo akaliacha andazi. Wiki nzima barua zake za kitapeli kwa chama zilikuwa zinamezwa bila jibu, naye akiulaumu mtandao. Kumbe ni adabu! Adabu alikuwa nayo tele. Mama yake alimlea vizuri, mengine aliyatafuta mwenyewe.

Papo hapo akafungua anwani kwa jina la Mwenyekiti wa chama, Mzee Bartholomayo, akamwandikia Pendo, mtunza ghala: "Shikamoo Pendo. Habari za nyumbani? Mpe Bwana Anselmo salfa yote ya kupulizia mikorosho iliyopo, aipeleke Newala."

Jibu likaja chai haijapoa: "Marahaba. Aje na gari kubwa."

Mwingine angeshtuka. Pendo alizaliwa wakati Mzee Bartholomayo tayari ana wajukuu. Tangu lini babu akamwamkia mjukuu, na mjukuu akaitikia bila aibu? Lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Anselmo akaiweka rehani pikipiki yake, mali pekee aliyokuwa nayo duniani, akakodi Fuso.

Ghalani aliwakuta Pendo, Faidha, Mzee mwenyewe na askari mmoja, wamesimama mstari.

"Shikamoo, Mwenyekiti," wakasema wote, Mzee akitangulia.

"Marahaba," likamponyoka Anselmo mdomoni.

"Mashine yangu haijui shikamoo wala hujambo, kaka," Faidha akamwambia. "Nilijisifu kwa sauti ili mwandishi wa zile barua za kitapeli asikie, ajilete."

Mzee akakohoa. "Mwanangu, wakulima wa Lukuledi wanaingoja salfa hii. Mikorosho imeshatoa maua, na chama hakina gari. Wewe unalo, tena limeshalipiwa. Utatupelekea, au upande la askari?"

Anselmo akalitazama Fuso, akaiwaza pikipiki yake, akataka kulia. Akaanza kupakia.

Huko Lukuledi alishusha mifuko yote kwa mgongo wake mwenyewe, askari amekaa kivulini anakula muhogo. Wakulima wakampigia makofi. Mama mmoja akamshika mikono yote miwili.

"Mungu akujalie gari lako mwenyewe, baba."

"Amina, mama," akaitikia Anselmo, na alimaanisha.