Filimbi ya Nini, Nina Sauti

Jumatatu, 16 Juni 2025

Chausiku mkwe wangu, andika. Usinitengenezee maneno, yaandike yalivyo.

Leo kaja bwana usalama mpya wa kampuni, Erasto. Shikamoo kaitoa vizuri. Kisha ananiambia bibi, jiko lako liondoke. Miaka kumi na miwili napika uji hapa kiwandani, pembeni ya nyaya wanapoanika singa, zile nyuzi za mkonge, maana pana kivuli! Anasema singa zikidakwa na cheche kiwanda kimekwisha. Nimemwambia moto wangu una adabu. Hakucheka.

Litabaki jiko moja tu, la mjumbe wa usalama wa wapishi. Mimi au Josefina wa maandazi, yule Msambaa wa Mpale. Wiki hii kuna zoezi la ajali, saa haitajwi. Atakayewakusanya watu haraka kwenye kibao cha kijani kule getini, ndiye mjumbe.

Kibao kile hata mbuzi hapiti. Lakini ujumbe ni wangu. Ushaandika?

Jumanne, 17 Juni

Tumepewa filimbi na reflekta. Yangu imenipendeza, nimeivaa mpaka sokoni Manundu. Marehemu mume wangu angeniona! Kidole chake alikiacha kwenye korona, ile mashine inayokwangua majani ya mkonge. Siku ile hapakuwa na kibao wala filimbi. Palikuwa na mimi na kilio changu. Watu walikuja mpaka wa ng'ambo ya mto.

Nilikuwa nasema nini? Filimbi. Nimepuliza, yametoka mate. Ya Josefina inalia kama treni. Kanicheka, eti Wazigua meno tumeyasahau Handeni. Mtani huyu! Nimemwambia Wasambaa mapafu wanayo, kwa kupanda milima, akili ndiyo imebaki huko juu.

Usiku sijalala, nimewaza. Erasto anataka watu wakusanyike. Haya, nini kinakusanya watu kuliko kilio?

Alhamisi, 19 Juni

Saa nne. Mbaruku wa korona kalala chini, kapakwa rangi nyekundu kichwani. Kaambiwa asitikisike mpaka machela ifike. Josefina kapuliza. Watu wamegeuka, wamemtazama, wameendelea kunywa uji. Zamu yangu! Nimemfunika Mbaruku kanga, nikaangua kilio kilekile nilichomlilia mume wangu.

Walikuja! Wa kiwandani, wa shambani, wanawake wa mtaani na kuni kichwani. Mzee Sadala jirani yetu na jembe, anauliza kaburi linachimbwa wapi. Erasto anapiga kelele tokeni, hapa ndipo penye hatari! Nani anaondoka msibani? Na Josefina, mtani ni mtani hata msibani, kavaa helmeti ya Mbaruku, anachechemea kama yeye, anadai uji wa marehemu. Watu wanalia, wanacheka. Sufuria zima limekwisha.

Mbaruku akapiga chafya.

Sijaona watu wakikimbia vile. Jembe huku, kuni kule. Wamekwenda kusimama wapi? Kwenye kibao cha kijani! Erasto kaangalia saa yake, kakaa chini.

Ijumaa, 20 Juni

Kaniita ofisini. Anasema zoezi bovu kama lile hajaliona tangu aanze kazi. Nimemuuliza, kibaoni walifika, hawakufika? Upesi au polepole? Kaitazama tena saa yake. Mwisho kasema jiko langu likae palepale kibaoni, mbali na singa, labda watu watapazoea. Mjumbe mimi! Filimbi zote mbili kampa Josefina, ataleta maandazi tuuze pamoja. Mtani kanuna, kisha kauliza benchi lake aliweke upande gani.

Nilijua. Sauti yangu haijawahi kuniangusha.

Jumatatu, 23 Juni

Mjumbe nimeingia kazini. Nimemgombeza Mbaruku kwa kutovaa helmeti. Nimemrudisha mtu nyumbani kwa kandambili. Erasto mwenyewe nimemwambia afunge kamba za viatu.

Saa tano jua kali pale kibaoni, upepo unanipulizia majivu kwenye uji. Basi nimelisogeza jiko. Kidogo tu. Pale pa zamani, kwenye kivuli cha singa. Mjumbe wa usalama nimesimama nalo mwenyewe, hatari itoke wapi?

Chausiku kaweka kalamu chini, anasema hili haandiki. Andika! Na hapo chini uandike kwa heshima, Erasto anipe reflekta nyingine. Hii imeungua pindo.