Sheria Kumi na Tatu za Kumzuia Apolinari

Jumapili, 3 Juni 1956

Tumewafunga Kinondoni, 38 kwa 20. Apolinari peke yake alama 26. Mimi sifuri. Upepo.

Niandike mambo kwa utaratibu, maana siku moja shajara hii itasomwa na watu wenye haki. Mimi Revelian, karani wa ghala la mkonge bandarini, ni kapteni wa Nyota ya Asubuhi, klabu ya mpira wa kikapu ya hapa Temeke. Mwaka wa tisa huu. Nina umri wa miaka thelathini na tisa na goti moja zuri. Apolinari ni mwalimu, ana miaka ishirini na miwili, katoka kwetu Bukoba mwezi wa Januari. Akisimama mlangoni kwangu, nazungumza na kifua chake.

Baada ya mchezo tukakaa kwa Bi Mwajabu, ambaye nyumba yake imepakana na uwanja na vitumbua vyake vimepakana na kila mazungumzo. Vijana wakaanza kumsifu Apolinari. Nikavumilia kitumbua kimoja. Cha pili kikanishinda. Nikasema enzi zetu, kwa sheria zetu, kijana huyu asingepata hata alama nne. Apolinari akaniuliza kwa adabu kabisa enzi hizo tulikuwa tunachezaje. Nikamjibu kwamba tulicheza kiume. Akauliza zaidi. Nikakumbuka nina shughuli nyumbani.

Mwenyekiti wetu, Bwana Hija wa reli, akanifuata hadi njiani. Kasema wanachama wanataka uchaguzi wa kapteni kabla ya safari ya Tanga. Kasema si yeye, ni wanachama. Husema hivyo daima.

Jambo moja nalijua mimi na shajara hii tu. Kapteni haachwi nje ya timu. Nisipokuwa kapteni, sitacheza tena. Si Tanga, si hapa, si popote.

Jumanne, 5 Juni

Nimekipata! Kilikuwa ndani ya sanduku la bati, chini ya vyeti na koti la harusi. Kijitabu cha sheria za mwaka 1931, nilichopewa na mwalimu wangu kule misheni. Mende wamekula jalada lakini wameheshimu vifungu.

Nimesoma nikacheka peke yangu. Siku hizi timu ikifunga, mpira wanapewa waliofungwa. Zamani sivyo! Kila baada ya bao mpira ulirudishwa katikati, refa akaurusha juu, watu wawili wakaurukia. Apolinari amezoea mchezo wa mbio. Akifunga tu, atasimamishwa. Akifunga tena, atasimamishwa tena. Moto wake utazimika kama jiko lililomwagiwa maji.

Saa ya chakula nimetumia mashine ya chapa ya ofisi. Barua kwa mwenyekiti, nakala tatu. Napendekeza Wakongwe wacheze na Vijana kwa sheria za 1931, mimi niongoze Wakongwe na Apolinari aongoze Vijana. Atakayeshinda ndiye kapteni.

Jioni Bwana Hija kaleta jibu. Wanachama wamekubali wote, kwa furaha. Furaha hiyo sikuielewa.

Jumamosi, 9 Juni

Nimeielewa.

Bwana Hija, aliyekuwa refa, alirusha mpira katikati. Nikaruka. Apolinari hakuruka, aliinua mkono tu kama mtu anayechukua kofia msumarini. Akampa mwenzake, akarudishiwa, akafunga. Mpira ukarudi katikati, kwa sheria. Akainua mkono. Akafunga. Ukarudi katikati.

Kwa sheria za siku hizi, wakitufunga tungepewa mpira sisi. Kwa sheria niliyowatafutia mimi, hatukuuona. Marselino, mpishi wa hoteli na beki wangu, aliniuliza katikati ya mchezo kama sisi tumekuja kucheza au kushuhudia.

Kufikia mapumziko, 41 kwa 3. Nikaomba mchezo usimame kwa sababu ya jua. Bwana Hija akaangalia mawingu kwa muda mrefu, halafu akakubali.

Kwa Bi Mwajabu hali haikuwa nzuri. Kijana mmoja alisema kaka Revelian kamwandalia Apolinari mezani, kisha akamnawisha mikono. Wote wakacheka, hata wale wangu. Mimi nikasimama. Nikatoa hoja kwamba mwaka 1931 si zamani, ni jana. Huwezi kumpima mtu kwa zamani ya nusunusu. Bwana Hija akauliza zamani yenyewe ni ipi basi. Nikasema sheria za mwanzo kabisa, zile kumi na tatu, zimechapwa nyuma ya kijitabu changu.

Nadhani walikubali kwa kuwa Jumamosi ijayo hakuna mchezo mwingine. Mara hii watapiga na kura, palepale uwanjani. Si neno. Nikishinda, nani atathubutu?

Jumatatu, 11 Juni

Nimetafsiri sheria zote kumi na tatu. Kamusi upande mmoja, taa upande mwingine. Ni nzuri ajabu. Mtu aliyezitunga hakika alimjua Apolinari.

Hairuhusiwi kukimbia na mpira. Hairuhusiwi kuudundisha ukitembea. Unaudaka, unasimama hapohapo, unautupa ukiwa hapohapo. Atafanya nini na ile miguu? Tena, ukifanya madhambi mara mbili unatoka nje, hurudi mpaka bao lifungwe. Tena, timu ikifanya madhambi matatu mfululizo, wenzao wanahesabiwa bao. Na mpira ukitoka nje, mtu wa kwanza kuugusa ndiye anayeurusha ndani, na ana sekunde tano. Hakuna cha kurukia katikati kila saa.

Nimezichapa kwa taipu, nimeweka sahihi, nimepiga na muhuri wa ghala ili zipate uzito. Nakala moja nimeibandika kwenye mlango wa shule iliyo kando ya uwanja.

Kwa kuwa zamani kikapu kilikuwa kikapu kweli, chenye kitako, nimeazima sokoni matenga mawili ya nyanya na ngazi moja ya kutolea mpira.

Nimefanya mazoezi uani na mke wangu, Eufrazia. Nilimpa mpira, nikamwambia asisogee. Hakusogea. Nami sikusogea. Tukatazamana. Baada ya muda akauliza, "Baba, mchezo huu unachezwa au unasimamiwa?"

Nikamwambia hayo ndiyo mapinduzi yenyewe. Akarudi kwenye ndizi zake.

Alhamisi, 14 Juni

Mazoezi ya Marselino. Kazi yake ni moja: Apolinari akimkaribia, aanguke. Mara mbili tu, na kijana yuko nje.

Ana kipawa. Alianguka mbele, akaanguka ubavu, akaanguka akishika jicho. Mara ya nne aliangukia mtungi wa maji. Eufrazia alichukua vipande, akavipanga mezani kwangu juu ya kijitabu cha sheria, akaenda kulala. Hiyo ni lugha.

Jioni nilipita uwanjani kukagua matenga. Moshi wa Bi Mwajabu ulikuwa unavuka ua wa makuti na kuingia golini. Nikamwambia, kama kapteni, kwamba Jumamosi ahamishe jiko lake. Akanitazama. Akaniuliza kama wazazi wangu hawakunifundisha kuamkia. Kweli nilisahau shikamoo. Nilikuwa nafikiria mambo makubwa.

Apolinari alikuwa pale mlangoni mwa shule anasoma tangazo langu. Alisoma polepole, mikono nyuma, kama anasahihisha. Nikamuuliza kama kuna neno gumu. Akasema, "Hapana, kaka. Umeandika vizuri sana."

Jumamosi, 16 Juni

Nitaandika yote. Mtu mwoga haandiki shajara.

Tulianza vizuri mno. Apolinari alipewa mpira, akataka kukimbia, filimbi ikalia. Akasimama nao kama mtu aliyefika dukani akasahau alichotumwa. Watu wakacheka, na mara hii hawakunicheka mimi. Dakika ya sita akamkaribia Marselino, Marselino akaanguka. Dakika ya nane akapita mbali kidogo na Marselino, Marselino akaanguka zaidi. Madhambi mawili, nje! Nikatupa mpira, ukagonga ukingo wa tenga, ukazunguka, ukatumbukia. Bao letu! Bao langu! Katika sheria hizi bao ni moja, hivyo tukaongoza 1 kwa 0. Bwana Hija akapanda ngazi kuutoa mpira. Niliitazama ile ngazi kwa furaha ambayo sikumbuki kuipata tangu nioe.

Bao likamrudisha Apolinari uwanjani, kwa sheria. Hakukimbia tena. Alidaka mpira, akauangalia ua wa Bi Mwajabu, akautupa nje. Makusudi! Ukavuka makuti.

Mtu wa kwanza kuugusa ndiye anayeurusha. Tukakimbia watu tisa, tukapenya mlango mmoja. Tulipofika, Bi Mwajabu alikuwa ameushika tayari. Ulikuwa umetua karibu na kikaango chake.

Nikanyoosha mikono nikasema tupe mpira, mama. Hakuutoa. Alitaka aambiwe sheria inasemaje. Apolinari akamwamkia kwanza, akaitikiwa marahaba, kisha akamsomea kifungu kwa kichwa, neno kwa neno. Mtu wa kwanza kuugusa.

"Basi ni wangu," akasema Bi Mwajabu.

Nikapinga. Nikasema yeye si mchezaji. Bwana Hija akaenda mlangoni mwa shule, akarudi na tangazo lenyewe. Akalisoma mara mbili. Akasema hapa imeandikwa mtu, haikuandikwa mchezaji, na chini kuna sahihi ya Revelian na muhuri wa ghala la mkonge. Nikasema kila mwenye akili anajua maana yake. Akasema yeye ni refa, si mwenye akili.

Kisha akaanza kuhesabu sekunde. Ilipofika ya nne, Bi Mwajabu alifuta mafuta mikononi, akasogea uani, akautupa mpira juu ya makuti kwa kijana wa Apolinari aliyebaki peke yake chini ya tenga. Sisi wote tulikuwa jikoni kwake. Bao.

Mara ya pili tulibaki uwanjani, tukamwachia. Akampa Apolinari. Mara ya tatu nilimtuma Marselino akae jikoni aupokee yeye. Alipewa kitumbua, akaupisha mpira. Mara ya nne nilikwenda mwenyewe. Nikamwambia shikamoo, Bi Mwajabu.

"Marahaba, mwanangu," akasema, na mpira kwapani. "Sheria umeandika mwenyewe. Mie natupa tu."

Akatupa. 4 kwa 1. Filimbi.

Kura zikapigwa kwa vikaratasi ndani ya tenga. Apolinari kumi na tatu, mimi moja. Marselino ameniapia kwamba hiyo moja ni yake. Sasa sijui mimi nilimpigia nani.

Jumapili, 17 Juni

Baada ya misa Apolinari alikuja nyumbani. Alikaa kwenye kigoda, magoti yakafika masikioni. Eufrazia akampa chai, kikombe kizuri, kile cha wageni.

Akasema ametumwa na hakutumwa. Akaniuliza kule misheni, mwaka 1931, tulivaa viatu gani. Nikamwambia hatukuvaa. Na uwanja? Nikamwambia mawe, tuliyaokota asubuhi na jioni yalikuwa yamerudi. Na mpira? Ulikuwa wa miguu, wenye kamba, uliochana vidole.

"Basi ulisema kweli, kaka," akasema. "Mie pale nisingepata hata hizo nne."

Nimeingoja sentensi hiyo wiki mbili. Ilipokuja haikuwa na utamu niliotegemea. Maana aliendelea. Kasema viti vya safari ya Tanga ni vinane na cha nane ni changu, wote wamekubali. Nitakuwa mwangalizi wa sheria na saa. Jezi yangu, ya saba, ataivaa kijana mwingine.

Nikasema vizuri. Nikamsindikiza hadi barabarani, kama ipasavyo. Tuliongea habari za mvua za kwetu.

Niliporudi, Eufrazia alikuwa ameifua jezi na kuianika. Haikuwa chafu.

Jumatano, 20 Juni

Nimekaa siku tatu nikitafakari kosa langu, na leo nimeliona. Nilikosea mwelekeo tu! Zamani haifai. Ya sasa haifai. Sheria zitakazonifaa ni zile ambazo bado hazijaandikwa.

Nimeanza kuziandika. Sheria za Mpira wa Kikapu za Mwaka 1980. Kifungu cha kwanza: mchezaji aliyetimiza miaka thelathini na minane asikaribiwe chini ya hatua mbili. Cha pili: mrefu kupita kiasi aruke kwa mguu mmoja. Cha tatu: neno "mtu" maana yake ni mchezaji, na si mwanamke yeyote mwenye kikaango. Cha nne hadi cha sita ni kuhusu goti.

Cha saba nilikiandika bila kufikiri, kwa sababu bao pekee ninaloweza siku hizi ni la kutupia mbali: bao likifungwa kutoka hatua kumi au zaidi, lihesabiwe tatu badala ya mbili. Nikamsomea Eufrazia. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kasema watu wazima watasimama huko mbali wanatupatupa kama wanawinga ndege shambani, nani atalipa kiingilio kutazama?

Kasema kweli. Cha saba nimekifuta kabisa, kwa rula. Vingine vyote vinakwenda kwa Bwana Hija kesho asubuhi, nakala tatu. Ukitaka watu wakusikilize, usiwaletee mambo ya kijinga.