Godoro la Bibi Arusi

Jumatatu, 3 Agosti. Gitega.
Jumamosi mdogo wa mke wangu Fatouma anaolewa kule Muyinga. Zawadi yetu ni godoro. Fatouma ameshawatangazia mama yake na mashangazi wote. Asubuhi amenipa pesa alizoweka tangu Ramadhani, jasho la sambusa zake. Akasema nenda dukani, lipa, rudi, usilete ujanja. Mi! Fundi cherehani mzima, ninunue kama mtoto aliyetumwa chumvi! Alors, nina mpango. Jirani yangu Elikana atatangulia dukani, ataje bei ya dharau. Mi nitaingia baadaye, nitaje ya juu kidogo tu, nionekane muungwana. Akili ni mali.

Jumanne, 4 Agosti.
Elikana ametangulia. Nikasubiri nje. Nikasubiri sana. Kumbe Adventina, mwenye duka, naye amekulia Tanzania kama yeye. Wakaanza kuulizana habari za kambi ya wakimbizi, za shule, za mwalimu mwenye fimbo. Bei ya dharau ikakubaliwa! Elikana kalipa kwa pesa zake, katoka na godoro kichwani, anacheka. Nikamwambia ni langu. Akasema twende nyumbani tuongee. Tulipofika, mkewe Paskazia akalilalia palepale, akanishukuru kwa kumfundisha mume wake kununua. Mgongo wake umemtesa miaka. Ningemwinuaje? Nimekunywa chai yao, nikaondoka.

Jumatano, 5 Agosti.
Nimekwenda mwenyewe kwa Adventina. Limebaki moja. Mbinu: taja bei, ukikataliwa toka polepole, utaitwa. Nikatoka polepole. Hakuita. Nikainama mlangoni kufunga kamba za viatu. Hakuita. Tena nilikuwa nimevaa ndala! Niliporudi, ati nimesahau kofia, alikuwa anamfungia mteja mwingine. Nyumbani Fatouma akauliza. Nikajibu godoro liko tayari, linatusubiri Muyinga. Uongo umetoka wenyewe, wallahi. Akafurahi, akanipikia pilau. Nikikosa godoro, ni yeye atakayeaibika mbele ya ukoo mzima.

Ijumaa, 7 Agosti. Muyinga.
Tumefika jana. Fatouma yuko jikoni na dada zake. Mi nimetoroka mapema mpaka soko la Gashoho. Godoro moja tu soko zima! Mtu wa mjini hupandishiwa bei, basi nikajificha kwenye kibanda cha chai, nikamtuma Saidi aliyenileta kwa baiskeli. Karudi: kuna mzee mmoja naye analitaka. Ongeza! Karudi tena: mzee naye ameongeza. Ongeza! Bei ikaipita ya Gitega. Hasira zikanipanda. Mpumbavu gani huyu anaharibu soko? Nikamfuata yule mzee. Akaenda kunong'ona nyuma ya magunia ya maharage, na huko, amechuchumaa aliyemtuma, Mahmudu! Mwanyumba wangu, mume wa Farida dada yake Fatouma, ambaye kila Idi hunitambia bei alizonunulia vitu. Kumbe naye ameahidi godoro, na alishamdanganya mkewe kwamba liko tayari. Tumelinunua pamoja, tukaapa hatutasema.

Jumamosi, 8 Agosti.
Tumeingia tumelibeba, yeye mbele, mi nyuma. Mama mkwe kalia! Ati miaka yote ameomba wakwe zake wapatane, leo Mungu amemsikia. Vigelegele! Fatouma akanitazama kwa fahari, nami nikajiona bwana arusi upya. Ningeishia hapo. Lakini mama mkwe akauliza bei. Nikapunguza kidogo. Mahmudu akasema hapana, ilikuwa chini ya hapo. Nikasema ego, ndiyo, chini zaidi kweli! Tukashindana kushuka mpaka godoro likafika bei ya mkeka. Mashangazi watatu wakafungua mafundo ya vitenge vyao, wakatutolea pesa palepale. Nao wanataka, kwa bei hiyohiyo.

Jumapili, 9 Agosti.
Fatouma amenibana, nimemwambia yote. Amecheka mpaka akashika ukuta. Kasema mi ni mjinga wake, hanibadilishi hata apewe na nyongeza. Kisha akaniagiza: nenda na Mahmudu mkarudishe pesa za watu, mseme ukweli. Nimeitikia. Tumekwenda kweli, hadi mlangoni kwa shangazi wa kwanza. Hapo Mahmudu akaninong'oneza kwamba Buhinyuza, karibu na mpaka, magodoro ni bei ya kutupa. Hatukubisha hodi; kesho alfajiri tunaondoka na pesa zao. Safari hii hatutumi mtu. Tutajifanya hatujuani: yeye anataja bei ya chini, mi nataja ya chini zaidi, muuzaji anachanganyikiwa mwenyewe. Haiwezi kushindikana!