Leza ya Fenesi

Gazeti lilifika Kibiti saa nne asubuhi na basi la Dar, na kondakta hajamaliza kushusha mizigo, Sadala alikuwa ameshaliazima. Sadala huyu kijiweni walimwita Redio Mbao, kwa sababu hakuwa anasoma, alikuwa anatangaza. Akasimama mbele ya benchi la kahawa, akakohoa.

"Wananchi, ukurasa wa saba! 'Mwanga wa leza watibu chunusi za uso!'"

Macho yote yakamgeukia Mshamu, fundi baiskeli. Ilikuwa mwaka 2003, naye ana miaka ishirini na sita. Chunusi alizoambiwa zitaisha akishabalehe zilikuwa bado zimepanga usoni kwake, hazina hata dalili ya kuhama. Jina la Fenesi alijipa mwenyewe, mapema, wenzake wasije wakampa baya zaidi.

"Msinitazame hivyo," alisema. "Mimi nikinawa uso, sabuni inakwama njiani kama lori la Lindi wakati wa masika."

Benchi zima likacheka. Azan, mchomelea mageti anayeitwa Cheche, akamsogelea.

"Leza si mwanga tu? Mshikaji, njoo karakana. Nakupiga pointi mbili tatu, unatoka bomba!"

"Utamng'oa pua, wewe!" Sadala akadakia.

"Pua gani?" Mshamu akajibu mwenyewe. "Hii iliyozingirwa? Hata mimi naitafuta."

Alicheka kuliko wote, lakini roho haikutulia. Barua yake ya posa ilikuwa na wiki ya tatu Bungu, kwa wazazi wa Mwamini, na jibu hakuna. Sababu alishajipa: uso. Labda ndiyo maana siku hiyo akashindwa kunyamaza.

"Jamani, mimi leza nilishaanza."

Akatoa mfukoni kitochi kidogo kama kidole, akakibonyeza. Nukta nyekundu ikatua kwenye birika la kahawa. Alikinunua kwa machinga wa stendi, aliyemwapia kuwa ndicho wanachotumia madaktari wa Ulaya.

"Mwezi wa pili huu. Kila jioni nakaa na kioo, kila chunusi naihesabia ishirini."

"Zote?"

"Zote. Nikifika kidevuni, adhana ya isha inanikuta."

"Na zimepungua?"

"Zimeongezeka. Nahisi zinapenda taa."

Sixtus, mganga wa zahanati, mtu wa Rombo, alipaliwa na kahawa. Yeye walimwita Klorokwini. Dawa yenyewe serikali ilishaiacha, jina likabaki. Alipomaliza kukohoa hakucheka tena.

"Fenesi, ulikuwa unafumba macho?"

"Sasa nikifumba, chunusi nitaionaje?"

Sixtus akampokonya kitochi. "Hiki ni cha kuonyeshea ubaoni, kinaweza kukuharibu macho! Leza ya kweli ni mashine ya daktari wa ngozi. Mwanga wake unapimwa, macho yanafunikwa, unarudi mara kadhaa, na ngozi nyeusi kama yetu isipopimiwa vizuri inabaki na mabaka. Kesho njoo nikuandikie barua ukamwone daktari Dar. Kwa sasa acha kuzikamua."

"Umejuaje nazikamua?"

"Una grisi ya mnyororo mpaka kwenye paji."

Wakati huo pikapu ya kutoka Bungu ikasimama. Akashuka Bi Mashavu, shangazi yake Mwamini. Mshamu akanyakua gazeti, akajifunika uso. Shangazi akaja moja kwa moja, akalishusha gazeti kwa kidole kimoja.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nimetumwa na kaka yangu."

"Shangazi, kama ni habari ya uso, dokta hapa amesema…"

"Uso? Uso Mwamini ameutazama mwenyewe mwaka mzima, na hajalalamika ila siku ile ulipoupaka dawa ya meno. Mimi nimetumwa kutazama choo."

Choo hakikuwapo. Lilikuwapo shimo, nyuma ya nyumba, alilolianza vizuri tu. Lakini tangu anunue kitochi jioni zake zote zilikwenda kwenye kioo, shimo likaishia magotini, na yeye akawa anajisitiri kwa jirani.

Shangazi alipelekwa, akaliona, akalizunguka.

"Kuku akitumbukia humu atatoka mwenyewe," alisema. "Nitarudi Ijumaa."

Kijiwe kikavunjika palepale. Cheche alifuata sururu, Sixtus kamba ya kupimia, na Sadala akajiteua msimamizi. Siku tatu baiskeli za watu zililala bila minyororo.

Alhamisi mchana Mshamu alikuwa ameshazama kupita kimo chake. Cheche akivuta ndoo, Sadala akitangaza futi. Hakuna aliyemwona Bi Mashavu mpaka aliposimama ukingoni, siku moja kabla ya ahadi. Akachungulia, akachungulia tena.

"Hiki sasa ni choo. Mshamu, hebu panda juu tuzungumze."

"Shangazi," sauti ikatoka chini, "usisubiri nipande. Toa jibu hapohapo. Kutoka huko juu unaniona utosi tu, na utosini sina hata moja."

Bi Mashavu akacheka mpaka akashikilia bega la Sixtus asije akatumbukia.

"Barua imekubaliwa, baba. Haya, panda tukuone."

Mshamu akaokota chepe, akaendelea kuchimba.