Bakuli la Alhamisi

Crispin Tarrant aliingia dukani kwa Bi Averil Gosney kuuza ubani bandia. Alipoliona bakuli la fedha kabatini, ubani akausahau palepale.

Bi Averil, mjane wa miaka sabini na mmoja, aliongoza kikundi cha wachawi sita pale Glastonbury. Wachawi wa mji huo hawajifichi: wana maduka barabara kuu na wanalipa kodi. Bakuli lile aliachiwa na mama yake, na kikundi kizima kilinywea divai humo.

"Mama, bakuli limechoka hili," Crispin alisema, akilipapasa kwa huruma ya daktari. "Mara ya mwisho limetakaswa lini kwa siku yake?"

"Siku yake ipi, mwanangu?"

Ndani ya basi alikuwa amekariri rangi za mishumaa: Jumanne nyekundu ya vita, Ijumaa kijani ya mapenzi, Jumamosi nyeusi ya kufukuza mikosi.

"Alhamisi," akajibu bila kupepesa. "Siku ya sayari ya Mshtarii, siku ya neema. Nitalichukua Alhamisi, Jumapili nalirudisha linang'aa."

"Alhamisi? Una hakika, mwalimu?"

"Mama, miaka ishirini niko kwenye kazi hii."

Kazi gani, hakusema.

"Haya. Ila utaniachia rehani. Ndiyo desturi yetu." Bi Averil alikuwa anaitazama pete ya dhahabu kidoleni mwa Crispin.

Ilimuuma sana. Pete ile ya babu yake ndiyo mali pekee aliyowahi kuipata kihalali. Lakini bakuli lingemlisha mwaka mzima, akakubali.

Alhamisi, mbele ya wachawi wote sita, alivua pete na kupewa kifurushi chenye mafundo saba. Akatoka kwa mwendo wa kikasisi mpaka kwenye kona, kisha akatimua mbio kuwahi basi la Bristol. Huko mnunuzi wa vyombo vya kale alifungua mafundo, akaligonga bakuli kwa kucha.

"Bati," alisema. "Paundi nne, tena nakuonea huruma."

Jioni Crispin alirudi akifoka. Wachawi walikuwa wanakunywa chai.

"Umenilaghai, mama! Hili ni bati!"

"Bati, ndiyo. Kila siku ina madini yake, mwalimu. Fedha ni ya Jumatatu, siku ya mwezi; bakuli la fedha bado liko kabatini. Alhamisi ni bati. Si nilikuuliza kama una hakika?"

"Nipe pete yangu!"

"Jumapili, ukileta bakuli linang'aa. Hebu kwanza tuambie, nani amekufungulia mafundo, akakuambia ni bati?"

Vikombe vikatua mezani. Bi Thora, sajini mstaafu wa polisi, akavaa miwani yake ili amwone vizuri. Crispin akautazama mlango, kisha akaketi.

Bi Averil akamsogezea kitambaa na kopo la dawa ya kung'arishia.

"Anza sasa hivi. Bati lina kiburi."

Alisugua Ijumaa, akasugua Jumamosi. Jumapili bakuli liling'aa hata ungeweza kujinyolea ndevu humo. Crispin akanyoosha mkono wenye malengelenge.

"Oo, mwalimu," Bi Averil alisema kwa masikitiko ya kweli. "Leo ni siku ya jua, siku ya dhahabu. Dhahabu haitolewi nyumbani siku yake."

"Kesho basi!"

"Kesho Jumatatu? Kesho una vijiko arobaini vya fedha vya kusugua."